Jumatano za Aidarus Mpika Halwa

“Ami Aidarus, mbona mwiko wako umefungwa kufuli kama mbwa mkali?”

Nabiha alikuwa darasa la tatu alipouliza hivyo. Alikuwa ametoka chuoni, juzuu ya Kurani kifuani, akapita dukani kwa nduguye baba yake kutafuta makombo ya halwa, kama ilivyokuwa ada yake. Siku hiyo hapakuwa na makombo. Jiko lilikuwa baridi, sufuria kubwa la shaba limelazwa kifudifudi, na ule mwiko wa kusongea halwa, mrefu kumshinda Nabiha mwenyewe, ulikuwa umening’inizwa ukutani kwa mnyororo. Ubapa wake ulikuwa na ufa uliozongwa waya. Kwenye mnyororo palikuwa na kufuli nene la mlango wa duka.

Barazani walikuwa wamekaa wanaume wawili, hawafanyi kitu. Mmoja alikuwa ami yake. Wa pili alikuwa Tsuma, mwenziwe wa kazi, ufunguo umemning’inia shingoni kama hirizi, na mkono wake wa kushoto una ngozi iliyokunjamana na kung’ara, mithili ya utando wa halwa iliyopoa.

“Ami, si nakuuliza?”

Aidarus alimtazama mtoto, akamtazama Tsuma, akaitazama mikono yake mwenyewe. “Mamako msalimie,” akasema. “Haya, nenda.”

Nabiha akaenda. Lakini mtoto wa Mji wa Kale ukimfungia mlango wa mbele huingilia wa uani. Aliokota habari kidogo kwa mamake jikoni, kidogo kwa Bi Mahfudha mke wa ami, na nyingi kwa Tsuma mwenyewe, ambaye akikaa vyema hana siri. Na aliyoyaokota ni haya.

Aidarus alizaliwa uani mwa duka lile lile, akakua ananuka iliki. Babake, Mzee Ziad, alikuwa mpika halwa aliyekuwa na sharti moja: Jumatano jiko lilale. Iwe harusi, iwe maulidi, Jumatano majivu hayaguswi. Watu wakimcheka, “Kwani jiko lako lachoka, Ziad?” yeye hujinyoosha mkekani akajibu, “Liulizeni lenyewe.”

Mzee akafa. Hata arubaini haijaisha, Aidarus aliwasha moto siku ya Jumatano.

Kwa asiyejua, kupika halwa ni vita. Maji na sukari vikichemka, wanga ukaingia, basi mwiko hausimami tena. Ukisimama kwa muda wa kupiga chafya tu, halwa hushika chini, na sufuria zima likanuka moshi. Tena hutema. Inavimba, inapasuka mapovu, inarusha matone, na tone la halwa si tone la maji; likikugusa linaganda, linaendelea kukupika huku unapiga kelele. Ukilivuta, hutoka na ngozi. Ndiyo maana watu wa halwa husonga kwa zamu, mmoja akishika mwiko mwenziwe hupumzika, mpaka samli itoke juu na halwa ikubali kuachana na sufuria.

Mzee Ziad alisonga kwa zamu na Tsuma, kijana wa Rabai aliyekuja uani pale akafunzwa kazi pamoja na Aidarus. Mzee alipochoka, zamu zikawa za vijana hao wawili. Wakipokezana mwiko wanatukanana kwa utani, jasho latiririka, kazi yaenda.

Kisha zikaja sifa. “Huu ni mkono wa Aidarus!” watu wakasema, wakilamba vidole kwenye harusi. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Aidarus aliposifiwa alitia kuni. Akapika kila siku. Halafu akajizulia itikadi yake mwenyewe, ambayo babake hakuwa nayo: kwamba halwa huujua mkono. Ikianzwa na mkono mmoja ikamalizwa na mwingine, haitoi samli. Tsuma akanyang’anywa mwiko, akapewa kazi ya kupasua kuni na kumenya lozi.

“Mtani,” Tsuma akamwambia, “mimi na wewe tumesonga miaka na samli ikatoka. Imeanza lini kutujua?”

“Menya lozi.”

“Namenya. Lakini naona mwiko ndio wakusonga wewe.”

Hapo mzaha ulikuwa bado wapita. Baadaye haukupita tena. Usingizi ulikuwa umemhama Aidarus, macho mekundu kama ya popo, mabega yamevimba, na hasira ikamkaa juu ya ngozi. Redio ya jirani ilipomkera, aliivuta kwa dirisha akaipigiza mawe ya njia mpaka betri zikabiringika mtaroni. Paka aliyechungulia uani alirushiwa ukuni ukamvunja mguu.

Siku moja alikwenda Marikiti kununua iliki. Hamali mmoja alikuwa akija na mkokoteni wa viazi, akipiga kelele, “Pisha! Pisha! Nyuma yako, Sharifu!” Aidarus hakusikia. Chuma cha mkokoteni kikamkwaruza kisigino. Akageuka. Wenye meza za matunda walisema baadaye kwamba hawajapata kuona mtu akigeuka vile. Alimkaba hamali kwa kola, akampigiza uso kwenye mpini wa mkokoteni, mara ya kwanza, mara ya pili, viazi vyamwagika, damu yachirizika kwenye kidevu, na hamali akilia, “Nimekwambia pisha! Nimekwambia pisha!” Watu sita walimng’oa. Jino la yule mtu lilibaki juu ya gunia.

Aidarus alifuta mikono kwa kikoi, akanunua iliki yake, akarudi kusonga.

Nyumbani ilikuwa vivyo hivyo. Mahfudha alimwekea chakula, chakula kikapoa. Alimwita alale, akaitikia kwa matusi. Asubuhi moja alimwambia kwa upole, “Baba watu, leo pumzika, mikono yako yatetemeka.” Aidarus alilinyanyua dele la kahawa lililojaa akalivurumisha. Lilipita sikioni pa mkewe, likagonga ukuta, kahawa ya moto ikamrukia shingoni.

Mahfudha hakulia. Alijifuta, akavaa buibui, akafunga nguo zake kwenye leso. “Mimi niliolewa na mtu, sikuolewa na jiko,” akasema mlangoni. “Nakwenda kwetu Tononoka. Jiko likipoa, utanijua nilipo.”

“Nenda!” akafoka Aidarus. “Nenda, na mlango ufunge, moshi unatoka!”

Ikaingia Shaaban. Mombasa nzima huoza mabinti zake mwezi huo, kabla Ramadhani haijawafunga watu midomo. Maagizo ya halwa yalimiminika. Aidarus alikuwa akimaliza sufuria moja anateleka jingine, anakula amesimama, anaswali haraka kama anayefukuzwa. Alasiri moja, jua likiwa linachoma bati la uani na moto unachoma kwa chini, Tsuma aliona kitu kilichomtisha. Aidarus alikuwa anasonga huku amefumba macho.

“Aidarus.”

Mwiko ukaenda, ukaenda, ukasimama. Mwenyewe amesimama wima, kidevu kifuani, amelala kama farasi. Harufu ya kuungua ikaanza kupanda.

Tsuma hakungoja. Aliutwaa mwiko mikononi mwake, akaingia kusonga kwa nguvu, akikwangua chini kuiokoa.

Aidarus akashtuka. Pua yake ilinusa moshi, macho yake yakaona mikono iliyoshika mwiko wake. Hakuona zaidi ya hapo.

“Umeniunguzia!” akanguruma. “Hasidi wee! Umeniunguzia!”

“Ulilala, mtani, ndiyo nika—”

Aliupokonya mwiko ukiwa umebeba halwa inayochemka, akauinua, akampiga. Pigo la kwanza lilimpata Tsuma begani. La pili Tsuma alilikinga kwa mkono wa kushoto, na halwa yote ikamshikia pale, toka kiko cha mkono hadi kwenye kiganja, nyekundu, nene, yatoa mvuke. Tsuma alipiga ukelele uliosikika mpaka msikitini. Aliivuta kwa mkono wa pili. Ikaja na ngozi. Akaanguka magotini karibu na meko. Aidarus akauinua mwiko mara ya tatu, juu ya kichwa cha mtu aliyepiga magoti, akaushusha kwa nguvu zake zote.

Tsuma alijirusha kando. Mwiko ukagonga jiwe la meko, kaa! Ukapasuka. Mshindo ukapanda kwenye mifupa ya mikono ya Aidarus hadi kwenye meno, na hapo ndipo akaamka hasa. Alitazama ufa wa mwiko, akatazama mahali kilipokuwa kichwa cha Tsuma. Kama mtu asingejirusha, lililopasuka lingekuwa fuvu.

Majirani walimbeba Tsuma hospitali. Halwa ilibaki mekoni ikateketea yote, moshi mweusi ukatanda kichochoro kizima, na Aidarus amesimama ndani yake, mikono yamning’inia.

Kesho yake, adhuhuri, alikuja Mapenzi. Huyu alikuwa dadake Tsuma, muuza mchicha, mwanamke wa maneno machache na mkono mzito. Hakubisha hodi. Alivurumiza jiwe kwenye kabati la kioo, vioo vikamwagika juu ya sahani za halwa. Akamshika Aidarus kwa fulana, akamzaba kofi, akamzaba la pili, na mwanamume hakuinua mkono.

“Mkono wa ndugu yangu umeoza!” akapiga kelele. “Umemfanya nyama ya mshikaki! Washa jiko, Mwarabu! Washa, utie na wako! Au niende polisi ukaozee jela?”

“Nitautia,” akasema Aidarus.

Watu waliojaa mlangoni walidhani anasema tu. Lakini Aidarus alipanga kuni, akawasha, akabandika sufuria, akatia maji na sukari. Alikunja mkono wa fulana mpaka begani. Sukari ikaanza kuvimba na kutema. “Astaghfirullah, Aidarus!” watu wakalia, na wawili waliomkaribia aliwasukuma ukutani. Hata Mapenzi alianza kurudi nyuma. Aidarus akasema bismillahi, akanyoosha mkono juu ya sufuria, mvuke ukaanza kumbambua malaika ya mkono.

Ndoo ya maji ikapita chini yake, ikamwagika juu ya moto. Tsss! Majivu na moshi vikawaruka watu wote, wakakohoa. Ulipopungua, aliyesimama na ndoo tupu ni Tsuma, mkono wa kushoto umezongwa bendeji mpaka begani, uso umesawijika.

“Hata toba waifanya mbiombio,” akamwambia Aidarus. “Huwezi kungoja hata mimi nitoke hospitali?”

Aidarus akaanguka kwenye majivu yaliyolowa, akashika miguu ya mwenziwe. “Taka utakalo, Tsuma. Wallahi, taka lolote.”

Tsuma alikaa juu ya gogo la kupasulia kuni, maana hakuwa na nguvu za kusimama. “Nataka Jumatano,” akasema.

“Jumatano gani?”

“Zote. Ile ya mzee. Jiko lilale, mwiko ufungwe pale ukutani, ufunguo nikae nao mimi. Na wewe ukae barazani nami mpaka magharibi.”

“Tukifanya nini?”

“Hatufanyi kitu.”

“Kitu gani hatufanyi?”

“Basi ndiyo hivyo, mtani. Hicho.” Kisha akamgeukia dadake. “Dada, polisi usiende. Lakini siku atakayolivunja kufuli, nenda, nami nitakuja kutoa ushahidi na mkono huu. Na uani hapa hataniona tena.”

Mapenzi akamtemea mate Aidarus miguuni. “Kufuli hilo halifiki mwezi,” akasema. “Huyu? Halifiki mwezi!”

Karibu aseme kweli. Jumatano ya kwanza Aidarus alikaa barazani kama aliyekalia makaa. Mara akasimama, akaingia uani, akaukamata mnyororo na kuuvuta, akauvuta, akaweka mguu ukutani akavuta tena, mpaka vifundo vya mikono vikachubuka na damu ikaingia kwenye kufuli. Tsuma hakumfuata.

“Ukimaliza,” akamwita, “kahawa ipo.”

Jumatano ya pili alimtukana Tsuma toka asubuhi mpaka alasiri, matusi ya nguoni, mwishowe yakamwishia akaanza kuyarudia. “Hilo umeshalisema,” Tsuma akamjulisha. Jumatano nyingine walikwenda Marikiti kumtaka radhi yule hamali. Hamali alipokea sahani ya halwa, akaikagua, akafungua mdomo kuonyesha pengo. “Umeniletea kitu laini,” akasema. “Angalau una akili.” Kisha akampiga Aidarus ngumi moja ya tumbo, akasema sasa wamepatana.

Kufuli likawa halijavunjwa. Ndipo alipokuja Jamaldin.

Jamaldin alikuwa tajiri wa nguo, akimwoza binti Alhamisi, naye alikumbuka halwa Jumatano asubuhi. Alisimama mbele ya baraza, miwani mikononi.

“Aidarus, pika.”

“Leo jiko limelala, Bwana Jamaldin. Kesho alfajiri nitawasha.”

“Kesho wageni wako kwangu! Babako na babangu walikuwa ndugu. Pika, yakhe, usinitie aibu.”

“Ufunguo si wangu.”

Jamaldin akamtazama Tsuma, akamtazama mara ya pili, akacheka kwa pua. “Ufunguo anao huyu? Mkwea minazi ndiye aliyekushika hatamu? Mombasa imeisha! Kumbe mkono wa Aidarus siku hizi waomba ruhusa kwa kilema!”

Aidarus akasimama. Ile hasira aliyodhani imekufa ikapanda yote kwa pamoja, kama halwa inapovimba, kutoka tumboni hadi nyuma ya macho. Nyundo ya kupasulia sukari ilikuwa kizingitini. Akaitwaa. Watu waliokuwa wakipita waliganda. Mbele yake pana kichwa cha Jamaldin. Nyuma yake, ukutani, pana kufuli. Mkono ulikuwa unataka kupiga, haukujali kipi.

Tsuma hakupiga kelele. Aliuvua ufunguo shingoni, akauweka juu ya mkeka. “Ukitaka kufungua, fungua na huu, kufuli bado zima.” Kisha akaanza kuvaa makubadhi yake, aende zake.

Kubadhi la kulia liliingia. La kushoto lilikataa. Mkono wa kushoto ulikuwa haukunji tena vidole. Uliugusa ugwe, ukateleza, ukaugusa tena, ukateleza. Tsuma akainama zaidi, akijaribu kwa mkono mmoja, akipumua kwa shida, haombi msaada.

Aidarus aliutazama mkono ule. Alikuwa ameuona siku zote, lakini hajapata kuutazama ukifanya kazi ndogo hivyo na kushindwa. Vidole vyake vikalegea. Nyundo ikadondoka, ikamwangukia kidole gumba cha mguu, ukucha ukapasuka, damu ikatapakaa kizingitini.

“Yallaaah!” akapiga yowe, akarukaruka kwa mguu mmoja mbele ya tajiri.

Tsuma akainua kichwa. Akajizuia, akashindwa, akaangua kicheko mpaka akaanguka chali mkekani na kubadhi lake moja. Aidarus akiwa ameshika mguu, machozi ya maumivu yanamtoka, naye akaanza kucheka. Walikuwa hawajacheka pamoja tangu mzee azikwe.

“Wendawazimu!” akasema Jamaldin. “Nakwenda kwengine!”

“Nenda, bwana, nenda,” akasema Aidarus, akapiga goti, kidole chake kingali chavuja damu, akalivua lile kubadhi la kulia mguuni mwa Tsuma. “Na wewe kaa. Kahawa bado ya moto.”

Habari za Mombasa hazipandi gari, lakini hufika. Jumatano iliyofuata mwanamke mmoja mwenye kovu dogo shingoni alisimama kichochoroni na fundo lake la leso.

“Jiko limepoa?” akauliza Mahfudha.

“Limelala,” akajibu mumewe. “Huamka kesho.”

“Basi sogea, nami nikae.”

Hayo ndiyo aliyoyaokota Nabiha. Aliyajua mwanzo hadi mwisho, angeweza kuyasimulia darasani, ila palibaki tundu moja. Aidarus mwenyewe hakuwahi kusema neno. Siku zingine alisonga halwa kwa zamu na Tsuma, na samli ikitoka ilitoka tu, haikuuliza mkono wa nani. Jumatano alikaa. Akiulizwa, humtuma mtu akasalimie wakubwa wake.

Nabiha alipofika kidato cha tatu, Jumatano moja alipita barazani akitoka shule. Tsuma sasa alikuwa na mvi, na alikuwa amelala pale mkekani, mdomo wazi, akikoroma. Ufunguo ulikuwa umetoka nje ya shati, umelala kifuani pake; Aidarus angenyoosha mkono tu angeufikia. Hakuunyooshea. Alikuwa anamfukuzia nzi kwenye mkono ule wenye makovu, kwa ncha ya kikoi, taratibu, asimwamshe.

Nabiha alikaa chini kwenye kidato cha baraza. Akauliza kwa sauti ndogo swali lile lile, “Ami, mbona mwiko wako umefungwa kufuli?”

Safari hii Aidarus hakumtuma kusalimia mtu. Alimfukuza nzi mmoja, akangoja arudi, akamfukuza tena.

“Siku ile nilipompiga, mwanangu, sikumwona Tsuma,” akasema. “Niliona mikono tu, imeshika mwiko wangu. Ningemuua, na hata ningemzika nisingejua nimemzika nani. Kwa hivyo siku sita nasonga halwa, na Jumatano nakaa hapa namtazama.”